UZI: Mnaosoma uhandisi ujenzi Uganda, msilipuuze somo la usimamizi wa miradi. Shajara ya saiti ilinifunza kwa uchungu

MwanaKambi, Jinja

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu nimekaa nao moyoni muda mrefu, leo nimeamua kuuandika. Ni mrefu, mwenye haraka aweke alama arudi baadaye.

Mimi ni mtoto wa askari. Nimekulia kambi ya polisi, baba Mteso, mama Msamia, na Kiswahili ndicho kilichotulea kwa sababu kambini kila mlango ulikuwa na kabila lake. Nilisoma uhandisi ujenzi, nikamaliza, sasa nina mwaka wa tatu saiti. Nasema na wadogo zangu mlioko Makerere, Kyambogo, Ndejje na kwingineko.

Likifika somo la usimamizi wa miradi ya ujenzi, najua mnavyolichukua, maana nami nililichukua hivyo hivyo. Mtu ametoka kupambana na hesabu za mihimili, mekanika ya udongo na haidroliki. Anakutana na somo lenye maneno mengi na hesabu za kujumlisha na kutoa, anashusha pumzi. Wiki mbili kabla ya mtihani anaazima daftari la mwenzake, anakariri, anafaulu, anasahau.

Mimi nilifaulu vizuri sana. Sasa nisimulie yaliyonipata kabla ya hapo, kwenye mafunzo ya vitendo, ile tunayoita intanshipu.

Nilipelekwa kwa mkandarasi mdogo aliyekuwa akijenga madarasa ya shule ya msingi upande wa mashariki, si mbali na mpaka wa Kenya. Siku ya kwanza msimamizi alinikabidhi kitabu chenye jalada gumu akasema, "Hii ni shajara ya saiti, itakuwa yako. Andika kila siku." Niliona amenipa kazi ya kunitoa njiani. Kwa hiyo niliandika kama mtu anayetimiza wajibu tu: "Mvua. Kazi imeendelea vizuri." Kesho yake: "Mvua kidogo. Vibarua wamekuja." Kurasa na kurasa za namna hiyo.

Ule ulikuwa msimu wa mvua za Septemba hadi Novemba, na mwaka ule zilikuja kwa nguvu. Mitaro ya msingi ilijaa maji, tukayachota kwa ndoo, ikajaa tena usiku. Lori la kokoto lilizama njiani, moramu, ule udongo wa changarawe tulioumwaga, ikageuka tope. Mwisho wa yote kazi ilichelewa siku 18. Mkandarasi akaandika barua kuomba aongezewe muda, kwa sababu mkataba ulikuwa na fidia ya ucheleweshaji, kila siku inayopita anakatwa.

Mhandisi mshauri hakukataa. Aliuliza swali moja tu: mvua ilinyesha siku zipi, saa ngapi hadi saa ngapi, na ilisimamisha kazi gani? Kitabu kikaletwa mezani. Akafungua ukurasa wa siku ambayo tulikaa stoo tangu saa sita mchana hadi jioni, tumebanana na mifuko ya saruji, maji yakipita mlangoni. Nakumbuka siku ile vizuri. Kwenye kitabu, kwa mwandiko wangu mimi, palikuwa na maneno manne tu: "Mvua. Kazi imeendelea vizuri."

Mkandarasi alipewa siku 4 badala ya 18. Siku 14 alikatwa. Wiki ile ya mwisho malipo ya vibarua yalichelewa, na kuna fundi mmoja mzee aliyevuka mpaka kurudi kwao bila pesa yake, na ahadi tu. Hakuna aliyenilaumu. Walisema ni mwanafunzi. Lakini mwandiko ulikuwa wangu.

Niliporudi darasani na mhadhiri akafika kwenye mada ya madai na kumbukumbu za mradi, nilikuwa nasikia kila neno.

---

Mwaka3_Kyambogo

Mkuu, pole sana. Ila niseme ukweli, sisi mhadhiri anatuchorea vikasha na vishale vya ratiba tangu siku ya kwanza. Kuanza mapema, kuanza kuchelewa, kumaliza mapema, kumaliza kuchelewa. Nahesabu kwenda mbele, nahesabu kurudi nyuma, napata jibu. Lakini jibu lenyewe linanisaidia nini, sijui. Nisaidie hapo kaka yangu.

---

MwanaKambi, Jinja

Mdogo wangu, swali zuri. Hebu tuache vikasha vya kitabuni tujenge darasa.

Chukua jengo la vyumba viwili. Kusafisha na kupima siku 2. Kuchimba msingi 5. Zege la msingi 2. Kuta za msingi 4. Kujaza moramu na kushindilia 3. Jamvi, lile zege la sakafu, 2. Kuta hadi linta, ule mhimili wa juu ya milango na madirisha, 8. Linta na boriti ya juu 4. Paa 6. Lipu na sakafu 7. Kila moja inaingoja iliyotangulia. Jumlisha, unapata siku 43. Hiyo ndiyo njia ndefu kuliko zote, haina siku hata moja ya akiba. Ukichelewa siku moja kwenye msingi, umechelewa na jengo zima.

Sasa kuna fundi wa vyuma anayetengeneza milango na madirisha. Yeye anahitaji siku 12, na fremu zake zinatakiwa kabla ya lipu, yaani mwisho wa siku ya 36. Akianza siku ya kwanza, anamaliza ya 12. Ana akiba ya siku 24! Ndiyo maana kila mtu anamsahau. Bosi anasema "bado tuna muda", pesa ya kumwanzia kazi anaielekeza kwenye nondo. Siku ya 30 ikishapita ndipo mtu anauliza, "Jamani, madirisha je?" Fundi anapewa advansi, anachukua siku zake 12, anamaliza siku ya 42. Lipu iliyokuwa ianze siku ya 37 inaanza ya 43. Jengo la siku 43 limekuwa la siku 49, na msingi, kuta na paa vyote vilikwenda kwa wakati.

Jibu unalolipata kwenye vishale ndilo hilo. Linakwambia leo asubuhi umpigie simu nani. Mimi kila Jumatatu naangalia zile kazi zenye akiba kubwa, maana ndizo zinazosahaulika.

Na ile kanuni ya makadirio matatu, usiikariri tu. Kuta hadi linta, hali ikiwa nzuri sana siku 6, kwa kawaida 8, mvua ikikaa 16. Unachukua 6, unajumlisha 8 mara nne, unaongeza 16, unagawanya kwa sita. Inatoka 9. Ile siku moja juu ya 8 ni mvua unayoijua kabla haijanyesha. Hapa kwetu Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, nani hajui? Lakini ratiba ngapi nimeona zimepangwa kana kwamba Novemba ni Januari.

---

FundiMalaba

Habari zenu wasomi. Mimi sikusoma chuo, ni fundi mwashi miaka mingi, nimejenga pande zote mbili za mpaka. Wahandisi wenu wanakuja na karatasi kubwa ya rangi rangi, wanaibandika ofisini, basi. Sisi huku chini hatujui inasema nini. Tunaambiwa tu "mmechelewa". Tumechelewa na nini? Hakuna aliyetuambia tulitakiwa kufika wapi.

---

MwanaKambi, Jinja

Mzee wangu, shikamoo. Umesema jambo ambalo chuo hakikunifundisha, nyapara ndiye aliyenifundisha.

Nilipoanza kazi nilichapa ratiba nzuri, kwa Kiingereza, nikaibandika ukutani. Baada ya wiki mbili nyapara wetu, Msoga mmoja mpole sana, aliniita nyuma ya stoo. Akaniambia, "Mhandisi, hii karatasi yako inaongea na wewe peke yako." Akachukua kipande cha chaki, akachora kwenye mlango wa stoo mistari sita, Jumatatu hadi Jumamosi. Kila siku akaandika kazi moja au mbili kwa Kiswahili: "nondo za nguzo 6", "kumwaga nguzo 6", "kufungua mbao". Pembeni akaweka idadi ya watu.

Tangu siku ile mlango wa stoo ndio ratiba yetu. Asubuhi saa moja na nusu tunasimama hapo, tuna Wasoga, Wateso, Wasamia, Wajapadhola na mafundi wawili kutoka ng'ambo ya mpaka, tunaulizana jana tulifika wapi na leo tunafika wapi. Iliyokwisha inapigwa mstari, isiyokwisha inazungushiwa duara na sababu inasemwa palepale, mbele ya wote: kokoto haikuja, mashine ya zege iliharibika, watu walikuwa pungufu. Dakika kumi tu. Baada ya hapo nahamishia mambo yote kwenye shajara, kwa saa na idadi.

Ratiba kubwa ya kompyuta bado ninayo, na ofisi inaihitaji. Lakini kazi inakwenda na ule mlango.

---

DadaKadirio, Mbarara

Wakuu, mimi ni mkadiriaji majenzi. Naona mnazungumzia muda tu, na pesa je? Miradi mingi inafia kwenye pesa huku ratiba bado inaonekana nzima.

Wanafunzi wengi wa uhandisi wanaona BOQ, ule mchanganuo wa kiasi na bei za kazi, kama mali yetu sisi wakadiriaji. Halafu wanafika saiti hawawezi kujibu swali la kawaida kabisa: kesho tunamwaga jamvi, tulete saruji mifuko mingapi? Chukua vyumba viwili vya mita 8 kwa 6, unene milimita 100. Ni mita za ujazo 9.6. Mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne unakula takriban mifuko 6.3 ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo. Mifuko 61, ukiongeza kidogo ya kumwagika unaagiza 64. Hesabu ya dakika mbili. Mhandisi asiyeijua anaagiza 50, zege linakatikia katikati ya chumba, na ule mshono utaonekana maisha yote ya shule hiyo.

Na dawa ya wizi wa saruji nilionyeshwa na mzee wa stoo. Jioni alikuwa anahesabu mifuko mitupu, anaikunja, anaifunga kumi kumi. Iliyotoka stoo 64, mitupu iliyorudi 57. Hasemi mwizi ni nani. Anaandika tu tofauti, anasaini, ananipa nisaini. Asubuhi yake kila mtu anajua kwamba inahesabiwa.

---

MwanaKambi, Jinja

Dada, ahsante sana. Naomba niendeleze hapo, kuna mada ambayo wanafunzi wanaichukia na mimi naiona ndiyo tamu kuliko zote: thamani ya kazi iliyofanyika.

Tuseme mradi ni shilingi milioni 200. Katikati ya muda tulipanga tuwe tumefanya kazi ya milioni 100. Tukipima saiti, kazi iliyofanyika kweli ni ya milioni 80. Na pesa iliyotoka mfukoni ni milioni 95. Mwenye mradi akiuliza, bosi anajibu, "Tumetumia 95 kati ya 100, tuko ndani ya bajeti." Anaamini kabisa anachosema. Lakini gawanya 80 kwa 95, unapata 0.84. Kila shilingi tunayotoa inarudisha kazi ya senti 84. Tukiendelea hivi hivi, kazi ya milioni 200 itatugharimu milioni 237 na nusu. Mtu aliyefanya hesabu hii katikati ya mradi bado ana nafasi ya kurekebisha. Aliyengoja mwisho anauza gari lake kulipa vibarua, nimemwona mmoja.

Kipimo chake ni kigumu kwa sababu kinataka uende ukapime. "Kuta zimefika asilimia 70" haitoshi. Hesabu kozi za matofali, yaani mistari yake.

Halafu kuna mzunguko wa fedha. Ukifanya kazi mwezi huu, hulipwi mwezi huu. Kwenye masharti ya mikataba ya ujenzi ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, ya 1999, kile kitabu chekundu, mhandisi ana siku 28 za kutoa cheti cha malipo tangu apokee hesabu zako, na mwajiri anatakiwa alipe ndani ya siku 56 tangu siku hiyo hiyo mhandisi alipozipokea. Siku zote hizo vibarua wanakula, dizeli inanunuliwa, benki inadai. Mkandarasi anaweza kuwa na kazi nzuri na faida kwenye karatasi, akafa kwa kukosa pesa ya Jumamosi.

Na ndani ya masharti hayo hayo kuna kifungu cha 20.1. Ukiwa na dai la muda au pesa, toa taarifa ndani ya siku 28 tangu ulipojua, au ulipotakiwa kujua, tukio lenyewe. Zikipita, haki yako imekwenda, hata kama mvua ilionwa na nchi nzima. Mwanafunzi anayesoma kifungu hiki kama shairi la kukariri hajui kwamba ndani yake kuna mishahara ya watu.

---

MtuWaKampala

Mkuu unaandika vizuri lakini tuwe wakweli. Hapa nchini tenda zinakwenda kwa kujuana. Mtu anasoma miaka minne, anajua vishale na asilimia zote, kazi anapewa asiyejua hata kusoma mchoro. Haya mambo ya vitabuni yana faida gani?

---

MwanaKambi, Jinja

Ndugu, hilo lipo na linauma, sitalifunika. Sheria ya ununuzi wa umma ipo tangu 2003, inataka ushindani na uwazi, na bado tunasikia tunayoyasikia.

Lakini angalia upande wa pili. Hata aliyepata kazi kwa kujuana, siku ya kumwaga zege atamtafuta mtu anayejua. Zege halimjui mjomba wa mtu. Linataka vipande vya kupimia vya milimita 150 vichukuliwe pale pale, viwekwe majini, vivunjwe siku ya 7 na siku ya 28. Kampala imeshaona majengo yakianguka yakiwa bado yanajengwa, watu wakafukuliwa kwenye kifusi. Baada ya hapo ndipo watu wanauliza: nani alikuwa msimamizi, vipimo viko wapi, nani aliruhusu mbao zifunguliwe mapema? Maswali yale yote ni ya somo hili.

Na miradi mikubwa nayo itazame kwa jicho la mwanafunzi. Bwawa la Karuma, megawati 600, lilianza kujengwa 2013, likapangwa kuchukua miaka 5, likazinduliwa Septemba 2024. Daraja jipya la Nile hapa kwetu, mita 525, lilianza 2014 likafunguliwa Oktoba 2018. Nilikuwa sekondari, nikitoka shule nasimama ng'ambo natazama minara miwili inavyopanda na nyaya zinavyofungwa moja baada ya nyingine. Wakati ule niliona chuma na zege tu. Sasa nikipita pale naona mpangilio: nani alitangulia, nini kilingoja nini, nyaya ziliagizwa lini ili zifike kabla ya mnara kukamilika. Na barabara ya juu ya bwawa la Nalubaale la 1954 ikiendelea kubeba magari wakati huo wote.

---

KageraSaiti

Salamu kutoka Bukoba majirani. Sisi huku tunabanwa tujifunze Primavera, ile programu ya kompyuta ya kupanga ratiba. Kaka unashauri nianze na programu au na karatasi?

---

MwanaKambi, Jinja

Karibu sana jirani. Anza na karatasi. Hii njia ya vishale ilibuniwa mwaka 1957 kwa ajili ya viwanda vya kampuni ya DuPont huko Marekani, na mwaka uliofuata jeshi lao la majini likaja na yale makadirio matatu kwa mradi wa makombora ya Polaris. Chora kazi 15 kwa penseli hadi ujue kwa nini namba imebadilika. Baadaye ingia kwenye Primavera au Microsoft Project, utazipenda. Programu itakubali chochote unachoilisha. Ukiiambia jamvi linamwagwa kabla ya moramu kushindiliwa, itakuchorea vizuri kabisa, kwa rangi.

---

Mwaka3_Kyambogo

Kaka nimerudi. Nimeanza mafunzo ya vitendo wiki hii, saiti ya kalavati, barabara ya moramu. Nimeomba shajara mwenyewe, msimamizi alishangaa. Hii ni ya jana, naomba uniangalizie:

"Jumanne. Asubuhi jua. Mvua imeanza saa 8 na dakika 40 mchana, imekatika saa 10 na dakika 5. Vibarua 9, mafundi 2, mashine ya kuchanganya zege 1. Kazi iliyosimama: kumwaga ukuta wa kushoto. Mifuko 11 imetumika kabla ya mvua. Mchanga umelowa, kazi haikurudi."

---

MwanaKambi, Jinja

Mdogo wangu, nimeisoma mara mbili nikafurahi. Ongeza haya leo kabla hujalala, ungali unakumbuka: zege lilikuwa limefika urefu gani ukutani mlipoacha, mmelifunika na nini, na nani aliyetoa amri ya kusimama. Piga picha ile sehemu zege lilipoishia, weka na futi ionekane. Kisha mpelekee msimamizi asaini chini ya maneno yako, jioni hii hii, asije akasaini za wiki nzima kwa mkupuo Jumamosi.

---

Mwaka3_Kyambogo

Sentimita 85 kutoka chini, tumefunika kwa turubai. Msimamizi mwenyewe ndiye aliyesimamisha. Naenda kumtafuta asaini, yuko kibandani anakula.